Uliza Kwanza Ni Nani Anayekila: Namna ya Kusaka Vivurugaji katika Tafiti za Lishe

Mwaka 1994 watafiti wa Ufini walitoa matokeo yaliyowashtua wengi. Walikuwa wamewafuatilia wanaume wavutaji sigara 29,133 kwa miaka mitano hadi minane. Baadhi yao walipewa kila siku kidonge cha miligramu 20 za beta-karotini, ile rangi inayoifanya karoti iwe ya machungwa. Matumaini yalikuwa makubwa, kwa sababu tafiti nyingi zilikuwa zimeonyesha kwamba watu wenye beta-karotini nyingi katika chakula na katika damu hawapati sana saratani ya mapafu. Kilichotokea kilikuwa kinyume: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Januari 1996 jaribio jingine, la Marekani, lenye watu 18,314, lilisimamishwa kabla ya wakati wake baada ya kuonekana hali hiyo hiyo. Huko ongezeko lilikuwa asilimia 28.

Mimi ni mtakwimu wa tafiti za lishe. Kazi yangu ni kukaa na data za nani alikula nini na nani aliugua nini, na kila anapoingia mwenzetu mpya kazini namwanzishia na habari hiyo ya Ufini. Waliomeza vidonge vile walikuwa watu waliojitolea kwa nia njema, wakiamini kwamba wanalindwa. Na tafiti zilizotangulia hazikudanganya: ni kweli kwamba waliokula mboga kwa wingi walipata saratani ya mapafu kidogo. Ila mla mboga na asiyekula mboga hawatofautiani kwa mboga peke yake. Mmoja havuti, au huvuta kidogo, au aliacha zamani, anafanya mazoezi, humwona daktari mapema, kipato chake kinamtosha. Hata miongoni mwa wavutaji wenyewe, anayevuta sana huwa na beta-karotini kidogo damuni. Ukiitazama beta-karotini peke yake, unaibebesha sifa ya mambo yote hayo.

Jambo la tatu la namna hiyo, linaloandamana na chakula na papo hapo linaleta au linazuia ugonjwa, ndilo ninaloliita hapa kivurugaji. Nitaeleza ninavyolisaka nikiwa mezani kwangu. Huhitaji programu ya kompyuta. Unahitaji andiko lenyewe la utafiti, si habari iliyoandikwa kulihusu, pamoja na karatasi, penseli na saa moja ya utulivu.

Andika upya sentensi

Habari za lishe zina vitenzi vyenye nguvu: chakula hiki hulinda moyo, kile huleta kisukari. Kabla ya yote, iandike upya habari hiyo kwa mtindo huu: "Watu waliosema kwamba wanakula kiasi fulani cha chakula fulani, wakilinganishwa na watu waliosema kwamba hawakili, waligunduliwa kuwa na ugonjwa fulani mara chache zaidi katika miaka kadhaa iliyofuata." Jaza nafasi kwa maneno ya utafiti wenyewe. Sentensi inakuwa ndefu na haivutii, lakini sasa ina watu ndani yake. Kuna wanaokula, kuna wasiokula, na kuna neno "waliosema", ambalo nitalirudia baadaye.

Sasa uliza: hawa wanaokila ni akina nani? Na wale wasiokila ni akina nani?

Kaa hapo kwa muda. Usikimbilie kemikali iliyomo kwenye chakula. Nimewaona wanafunzi werevu wakieleza kwa ufasaha jinsi kiini fulani cha chai kinavyolegeza mishipa ya damu, kabla hawajajiuliza kama tofauti waliyoiona imetoka kwenye chai. Maelezo ya kibiolojia hupatikana kwa karibu kila kitu. Beta-karotini nayo ilikuwa na maelezo mazuri sana.

Chora mishale

Andika upande wa kushoto jina la chakula, upande wa kulia jina la ugonjwa, kisha juu, katikati, anza kuorodhesha kila jambo unaloweza kulifikiria: umri, jinsia, sigara, pombe, mazoezi, elimu, kipato, uzito, usingizi, magonjwa ya zamani, dawa, kazi ya zamu. Lipitishe kila moja kwenye maswali matatu. Je, linahusiana na kula chakula hicho? Je, linaweza kuleta au kuzuia ugonjwa huo lenyewe, hata kama chakula hicho kisingekuwapo? Je, liko nje ya njia ambayo chakula hupitia kuufikia ugonjwa? Likijibu ndiyo mara tatu, chora mshale kutoka kwake kwenda kwenye chakula na mwingine kwenda kwenye ugonjwa. Hicho ni kivurugaji.

Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Chukua chumvi na kiharusi. Shinikizo la damu linahusiana na chumvi, na linaleta kiharusi, kwa hiyo mtu haraka haraka huliweka kwenye orodha. Lakini chumvi hupandisha shinikizo la damu, na shinikizo hilo ndilo linalopasua au kuziba mshipa. Ni njia yenyewe. Mtafiti akilidhibiti katika hesabu zake, anakuwa ameifuta sehemu kubwa ya madhara ya chumvi, kisha atangaze kwamba chumvi haina neno. Orodha ndefu ya mambo yaliyodhibitiwa huwavutia wasomaji, nami naelewa kwa nini, lakini urefu wake hauthibitishi chochote. Kila jina kwenye orodha hiyo lazima lipite kwenye maswali matatu.

Piga hesabu moja kwa mkono wako

Hapa nakusihi usiruke. Mtu akishaifanya hesabu hii mara moja kwa penseli, anasoma tafiti kwa jicho jingine. Namba ni za kubuni, nimezichagua ili zigawanyike vizuri.

Tuseme tuna wanywaji kahawa 1,000 na wasiokunywa 1,000, na tunataka kujua nani anaugua moyo. Tuseme pia kahawa haina madhara yoyote kwa moyo, si mema wala mabaya. Kinacholeta ugonjwa ni sigara: kati ya wavutaji 100, kumi wanaugua, kati ya wasiovuta 100, watatu wanaugua. Na kahawa na sigara ni chanda na pete: miongoni mwa wanywaji kahawa, 600 wanavuta, miongoni mwa wasiokunywa, 200 tu.

Hesabu wanywaji kahawa. Wavutaji 600 wanatoa wagonjwa 60, wasiovuta 400 wanatoa wagonjwa 12. Jumla 72. Sasa wasiokunywa: wavutaji 200 wanatoa wagonjwa 20, wasiovuta 800 wanatoa 24. Jumla 44. Gawa 72 kwa 44, unapata 1.64. Kichwa cha habari kimeshajiandika: kahawa yaongeza ugonjwa wa moyo kwa asilimia 64. Nasi tunajua, kwa kuwa tumeipanga wenyewe, kwamba kahawa haikufanya lolote.

Dawa yake ni kuwatenganisha. Watazame wavutaji peke yao: wanywaji asilimia 10, wasiokunywa asilimia 10. Watazame wasiovuta: asilimia 3 na asilimia 3. Tofauti imeyeyuka. Watafiti wanaposema "tumedhibiti uvutaji sigara", wamefanya kazi hii hii, ila kwa milinganyo inayoshughulikia mambo mengi kwa pamoja.

Usiweke penseli chini bado, maana kilicho kigumu kinaanzia hapa. Utafiti wetu umeandika "anavuta" au "havuti". Lakini anayevuta sigara mbili kwa siku na anayevuta pakiti mbili wote wameandikwa "anavuta". Tuseme mvutaji mkubwa ana hatari ya asilimia 13 na mvutaji mdogo asilimia 7. Wavutaji 200 wasiokunywa kahawa wamegawanyika nusu kwa nusu: wakubwa 100 wanatoa wagonjwa 13, wadogo 100 wanatoa 7, jumla 20, yaani asilimia 10 kama mwanzo. Lakini wavutaji 600 wanaokunywa kahawa wana wakubwa 400 na wadogo 200. Wagonjwa ni 52 na 14, jumla 66, yaani asilimia 11.

Tumeshadhibiti sigara, tumeandika hivyo kwenye andiko letu kwa moyo mweupe, na bado kahawa inaonekana kuongeza ugonjwa kwa asilimia 10 miongoni mwa wavutaji. Hilo ni baki la uvurugaji. Angalia ukubwa wake: asilimia 10. Sehemu kubwa ya matokeo ya lishe unayoyasoma yako katika ukubwa huo huo, asilimia 10, 15, 20. Kwa hiyo ukikuta maneno "baada ya kudhibiti sigara", fungua sehemu ya mbinu uone sigara ilipimwaje. Waliuliza ni ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi, na kama mtu aliacha, aliacha lini? Au walitosheka na ndiyo na hapana? Fanya hivyo hivyo kwa mazoezi, pombe na kipato.

Soma Jedwali la Kwanza kabla ya kitu kingine

Karibu kila andiko lina jedwali linaloonyesha sifa za washiriki mwanzoni mwa utafiti, wakiwa wamepangwa kwa kiwango cha chakula walichokula, mara nyingi makundi matano kuanzia wanaokila kidogo kabisa hadi wanaokila zaidi. Wasomaji wengi hulipita. Mimi huanzia hapo na huko ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi. Natelezesha penseli mstari kwa mstari, kutoka kundi la kwanza hadi la tano, na kila mstari unaopanda au kushuka kwa mfululizo nauwekea alama. Wavutaji ni asilimia ngapi huku na ngapi kule? Waliofika chuo? Wanaofanya mazoezi? Wenye kisukari tayari? Wanaomeza vitamini?

Mistari ikipanda na kushuka pamoja na chakula, unajua kwamba unalinganisha maisha mawili tofauti. Na ikiwa unayoyaona yanatofautiana kiasi hicho, fikiria yale ambayo hakuna aliyeyauliza.

Hili la mambo yasiyoulizwa lina mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote, wa vitamini C. Mwaka 2001 utafiti wa Norfolk, Uingereza, wenye watu zaidi ya 19,000, ulionyesha kwamba waliokuwa na vitamini C nyingi zaidi damuni walikuwa na hatari ya kufa karibu nusu ya ile ya waliokuwa na kidogo zaidi. Mwaka 2002 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa la Uingereza, Heart Protection Study, ambapo watu 20,536 waligawanywa kwa kura: nusu wakapewa vidonge vyenye vitamini C, vitamini E na beta-karotini kwa takriban miaka mitano, nusu wakapewa vidonge vitupu. Vitamini zilipanda damuni kama ilivyotarajiwa. Vifo havikupungua.

Mwaka 2004 Debbie Lawlor, George Davey Smith na wenzao walizitazama data za wanawake wazee wa Uingereza wakauliza: mwenye vitamini C kidogo damuni ni nani? Walikuta kwamba, kwa wastani, ni mwanamke aliyekulia katika nyumba isiyo na bafu wala maji ya moto, aliyelala chumba kimoja na wengine utotoni, na ambaye baba yake alifanya kazi za mikono. Kipimo cha damu kilichochukuliwa uzeeni kilikuwa kimebeba utoto mzima wa mtu. Utafiti unaodhibiti "kipato cha sasa" haugusi maji ya moto ya miaka 60 iliyopita. Tangu nilipolisoma andiko hilo, kila ninapoona "hali ya kiuchumi" imepimwa kwa swali moja, naweka alama kubwa pembeni.

Jua dodoso lilijazwaje

Hapa narudi kwenye neno "waliosema". Kabla sijawa mtakwimu nilikuwa nakwenda kuwahoji watu kwa dodoso la vyakula, na nashauri kila anayechambua data za lishe afanye kazi hiyo walau kidogo. Unakaa mbele ya mtu na orodha ya vyakula zaidi ya mia moja. Unamuuliza: katika mwaka uliopita, kwa wastani, umekula hiki mara ngapi? Kamwe, mara moja hadi tatu kwa mwezi, mara moja kwa wiki, mara mbili hadi nne? Mtu mwaminifu kabisa anatazama dari. Anahesabu kwa vidole wiki iliyopita, anazidisha, anasita. Kisha anakutazama usoni, kwa haraka sana, aone kama jibu lake ni zuri. Kwenye mboga mkono wake unaelekea kisanduku cha juu. Kwenye vitamu unaelekea cha chini. Siwalaumu hata kidogo. Tunawauliza jambo ambalo kumbukumbu ya binadamu haikuumbiwa.

Kwa msaka vivurugaji, hili lina maana mahususi. Anayejua kwamba mboga ni nzuri huripoti mboga zaidi, na anayejua hivyo ndiye pia anayepima shinikizo la damu na kumaliza dawa zake. Dodoso basi linapima chakula pamoja na kujali afya, vikiwa vimechanganyika. Tafuta kama watafiti walikuwa na kipimo cha pili kisichotegemea kumbukumbu, kama sampuli za damu au mkojo, na kama waliwauliza watu mara moja tu au walirudia kila baada ya miaka kadhaa.

Waliofuata masharti ni watu wa aina yake

Kama bado hujashawishika kwamba tabia ya kujali afya inaweza kujigeuza "faida ya chakula", soma jambo lililotangazwa mwaka 1980 kutoka jaribio la Coronary Drug Project. Wanaume waliowahi kupata shambulio la moyo walipewa ama dawa ya kupunguza mafuta damuni ama vidonge vitupu. Watafiti wakawatazama waliopewa vidonge vitupu peke yao. Waliomeza angalau asilimia 80 ya vidonge vyao walikufa kwa kiwango cha takriban asilimia 15 katika miaka mitano. Waliokuwa wakiviruka walikufa kwa takriban asilimia 28. Kidonge hakikuwa na kitu ndani! Walipodhibiti sifa 40 za washiriki, pengo lilipungua kiasi, lakini likabaki kubwa.

Sifa 40. Naomba uibebe namba hiyo kila unaposoma kwamba wanaofuata "mlo bora" wanaishi zaidi "hata baada ya kudhibiti" mambo nane au kumi. Anayeweza kufuata mlo wenye masharti kwa miaka kumi ana utulivu wa maisha ambao hakuna dodoso linaloukamata wote.

Wasiokula huenda waliacha kwa kuwa wanaumwa

Wakati mwingine mshale unaanzia kwenye ugonjwa. Kwa miaka mingi tafiti zilionyesha kwamba wanaokunywa pombe kidogo wanaishi zaidi kuliko wasiokunywa kabisa, na wengi wakahitimisha kwamba pombe kidogo ni kinga. Mwaka 1988 Gerry Shaper na wenzake, kwa data za wanaume 7,735 wa Uingereza, walionyesha kwamba katika kundi la "wasiokunywa" kuna wengi walioacha kwa sababu afya imewaharibikia. Kundi la kulinganisha lilikuwa limejaa wagonjwa. Lazima wanywaji wangeonekana wazima.

Baadaye ikapatikana njia ya kulizunguka tatizo hilo. Katika Asia ya Mashariki watu wengi huzaliwa na jeni linalowafanya wajisikie vibaya sana wakinywa pombe, kwa hiyo hunywa kidogo au hawanywi. Jeni mtu huzaliwa nalo. Halingoji augue wala apandishwe cheo. Mwaka 2019 utafiti mkubwa wa China uliwatazama watu kwa jeni hilo, na ile kinga ya pombe kidogo dhidi ya kiharusi haikuonekana. Hatari ilipanda kadiri pombe ilivyopanda.

Kwa hiyo katika utafiti wowote uliza kundi la "kamwe" limeundwa na nani. Wametenganishwa wasiowahi kabisa na walioacha? Wamewaondoa walioumwa au kufa katika miaka miwili mitatu ya mwanzo? Vinywaji visivyo na sukari vina mtego huu huu: wengi huvihamia baada ya kuongezeka uzito au kuambiwa kwamba sukari yao imepanda.

Chakula hakiondoki peke yake

Hili nalipitia haraka ingawa lina uzito. Tumbo lina nafasi yake. Anayepunguza kitu kimoja anaongeza kingine. Ukiona "wasiokula nyama" uliza wanakula nini badala yake, na kama jumla ya nishati wanayokula imehesabiwa.

Hata anayelinganisha kwa uangalifu mkubwa anaweza kunaswa hapa. Daktari Takaki Kanehiro wa jeshi la majini la Japani alikuwa akipambana na beriberi, ugonjwa unaodhoofisha neva na moyo. Katika safari ya meli ya Ryujo ya miaka ya 1882 na 1883, mabaharia 169 kati ya 376 waliugua na 25 wakafariki. Mwaka 1884 akaipeleka meli ya Tsukuba njia ile ile, ila kwa mlo mpya wenye nyama, maziwa na nafaka nyingine badala ya kutegemea mchele mweupe. Waliougua walikuwa wachache, na hakuna aliyefariki. Ulinganisho mzuri ajabu kwa wakati ule, na uliokoa maisha ya watu. Lakini Takaki aliamini kwamba kilichoponya ni protini. Kumbe ilikuwa vitamini B1, iliyoingia melini pamoja na protini hiyo katika vyakula vile vile. Alipata mlo sahihi na sababu isiyo yake. Kila utafiti unaotaja kirutubisho kimoja ndani ya chakula kizima una hatari hiyo.

Pima ukubwa, kisha jaribu lisilowezekana

Mwaka 1959, mjadala wa sigara na saratani ukiwa umepamba moto, Jerome Cornfield na wenzake walijibu hoja kwamba huenda kuna kivurugaji kilichojificha. Walisema: kama wavutaji wana hatari mara tisa, basi kivurugaji hicho kingepaswa kuwa kimeenea miongoni mwa wavutaji angalau mara tisa kuliko miongoni mwa wasiovuta. Kiko wapi? Hakuna aliyekipata.

Mwaka 2017 Tyler VanderWeele na Peng Ding waliifanya fikra hiyo kuwa kanuni rahisi. Chukua uwiano wa hatari, yaani hatari ya wanaokila chakula ikigawanywa kwa hatari ya wasiokila, uzidishe kwa uwiano huo ukiwa umetolewa moja, tafuta kipeuo cha pili, kisha jumlisha na uwiano wenyewe. Jibu linakuambia kivurugaji kingehitaji nguvu kiasi gani, kwa upande wa chakula na kwa upande wa ugonjwa pia, ili kuyafuta matokeo yote. Kwa hatari mara kumi, unapata karibu 19.5. Sasa chukua nyama iliyosindikwa na saratani ya utumbo mpana: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria mwaka 2015 kwamba kila gramu 50 kwa siku huongeza hatari kwa takriban asilimia 18. Uwiano ni 1.18. Mara 0.18 ni 0.2124, kipeuo chake ni 0.46, jumla 1.64. Kivurugaji chenye nguvu ya 1.64 kila upande si kitu adimu. Hiyo haimaanishi kwamba nyama hiyo haina hatia. Wataalamu wale walitazama tafiti nyingi zinazokubaliana, pamoja na ushahidi wa jinsi inavyoathiri utumbo. Inamaanisha kwamba namba ya ukubwa huo, ikitoka katika utafiti mmoja wa kufuatilia watu, haiwezi kusimama yenyewe.

Kipimo kingine ninachokipenda ni kutafuta matokeo ambayo chakula hakiwezi kuyaleta. Mwaka 1992 George Davey Smith na wenzake waliotilia shaka hoja kwamba sigara husababisha watu kujiua walionyesha kwamba, katika data za Marekani, wavutaji pia huuawa na watu wengine mara nyingi zaidi. Moshi haumwiti muuaji. Kilichoonekana ni maisha yanayoandamana na sigara. Ukikuta utafiti unaoonyesha kwamba wanaokula chakula fulani hufa kidogo kwa moyo, kwa saratani, kwa figo, na pia kwa ajali za barabarani, umekishika kivurugaji mkononi.

Ikiwa watu waligawanywa kwa kura

Jaribio la kura ndilo linalovunja mishale yote inayokwenda kwenye chakula, hata ya vivurugaji tusivyovijua, kwa sababu kura haijui nani anavuta na nani alikulia nyumba isiyo na maji ya moto. Lakini usiliamini neno "kura" bila kusoma ilipigwaje. Jaribio la Hispania liitwalo PREDIMED, lililokuwa na watu 7,447, lilitangaza mwaka 2013 kwamba mlo wa Mediterania wenye mafuta ya zeituni au karanga za miti hupunguza magonjwa makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 30. Mwaka 2017 daktari John Carlisle wa Uingereza, aliyekuwa akikagua takwimu za majaribio mengi, aliona kwamba sifa za makundi yake hazikupangika kama kura inavyozipanga. Waandishi wakarudi kwenye kumbukumbu zao. Wakakuta kwamba baadhi ya watu wa nyumba moja waliwekwa kundi moja bila kura, na kwamba katika kituo kimoja kliniki nzima zilipewa mlo mmoja. Juni 2018 andiko liliondolewa na kuchapishwa upya, matokeo yakiwa karibu yale yale lakini kwa lugha ya tahadhari zaidi.

Kwa hiyo fungua sehemu ya mbinu uandike majibu ya maswali haya: kura ilipigwa kwa mtu mmoja mmoja, kwa nyumba, au kwa kituo? Aliyemwandikisha mshiriki aliweza kujua mapema atakwenda kundi gani? Wangapi waliacha katikati, na je, waliacha kwa kiwango sawa katika makundi yote mawili? Waliohesabiwa mwishoni ni wote waliopigiwa kura, au ni wale tu waliofuata mlo? Kama ni hao wa mwisho, rudi kwenye vile vidonge vitupu vya 1980. Na kama andiko halina majibu, waandikie watafiti wenyewe. Anwani ya mwandishi anayeshughulikia maswali huwa kwenye ukurasa wa kwanza. Uliza swali moja, fupi, ukitaja jedwali na mstari.